Viraka vya Insaf

Saa moja asubuhi, Sayyida Zaynab, Cairo. Bi Safinaz Badrawi amesimama mbele ya mkokoteni wa ful, maharage ya kuchemsha, mkononi ana kanzu mpya ambayo bado imo kwenye mfuko wa dukani. Maharage hayataki. Anataka kanzu aliyoivaa muuzaji.

"Nikuvulie hii, nibaki uchi mbele ya wateja?" anauliza Ami Metwalli, upawa mkononi.

"Uchi wapi! Si nakupa hii? Kipya kinyemi, ami."

"Ingawa kidonda. Sitoi."

Mteja mmoja anadakia mdomo umejaa: "Mpe bwana! Hiyo yako ukiikamua tunapata mafuta ya kukaangia bajia za taamia mwezi mzima."

Bi Safinaz, mwenye miaka 58, ni mbunifu wa mavazi ya filamu, na ndivyo anavyofanya kazi: hutoka na nguo mpya, hurudi na kuukuu. Mabawabu, wapiga pasi na wauza karanga wote wanamjua. Uchakavu, anasema, hakuna duka linalouuza.

Somo hilo alilipata kwa aibu. Zamani alikuwa mwigizaji, filamu kumi na tisa. Katika ya mwisho alikuwa dobi maskini anayefukuzwa nyumbani, na alilia hadi kamasi zikamtoka. Siku ya uzinduzi, mama mmoja nyuma yake akapaza sauti: "Maskini gani huyu? Gauni lina mikunjo ya dukani!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Sijawahi kulia vizuri vile, gauni likaniumbua!" anasema, akicheka mpaka anashika mbavu. Mwezi uliofuata alinunua cherehani.

Leo amebanwa. Saa nane mchana wanarekodi tukio la muuza ful, na mwongozaji amekwisha kukataa kanzu tatu alizozichakaza mwenyewe kwa chai na jiwe. Akikataa ya nne, tukio linafutwa. Bi Safinaz analipenda tukio hilo kwa sababu, anasema, ndilo pekee katika filamu nzima ambamo mtu anashiba.

Anasogea, anagusa bega la mzee. Pana viraka vitatu, mshono wake mdogomdogo, umenyooka.

"Nani kashona?"

"Insaf, mke wangu. Mwaka wa nne huu tangu nimzike."

Bi Safinaz anaibana kanzu mpya kwapani. "Basi usiivue. Njoo nayo."

"Niende nayo wapi?"

"Kwenye filamu. Utapakua ful tu, husemi neno."

"Kupakua naweza. Hapo pa kunyamaza ndipo patanishinda."

Saa nane mwongozaji anamtazama mzee juu mpaka chini, kisha anaagiza kamera iwashwe. Haulizi chochote kuhusu kanzu.

Sasa Bi Safinaz ana jambo moja analolipigania: mwisho wa filamu, chini ya jina lake, liandikwe la Insaf. Mwongozaji bado anasitasita.

"Atakubali. Asipotaka, na langu alifute."

Ami Metwalli, aliyekwisha kurudi kwenye mkokoteni wake, ana ombi dogo.

"Waandike kwa herufi kubwa," anasema. "Macho yangu mabovu, na hilo jina nataka kulisoma mwenyewe."