Shingo za Nguzo

Baba yangu alikuwa fundi nondo. Ukimwita mwashi ananuna. Kazi yake ilikuwa kukata nondo, kuzikunja na kuzifunga kwa waya kabla zege halijamwagwa. Likishamwagwa, hakuna tena anayeiona kazi hiyo. Alikuwa akilalamika kwamba yeye ni kama mpishi ambaye chakula chake kinafukiwa, na sisi wanawe tulikuwa tukimcheka.

Siku ya tetemeko nilikuwa Sakina, kwenye banda langu la kukodisha viti na maturubai ya sherehe. Viti nilivyokuwa nimepandanisha vilianguka vyote, nami nikatoka mbio nimekumbatia sufuria, sijui nilikuwa naiokoa ya nini. Tetemeko halikuchukua hata nusu ya sala ya Baba Yetu. Majirani walijaa barabarani, wakaulizana, wakacheka kwa woga, kisha kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Nilimpigia baba. Alisema yeye mzima, ng'ombe mzima, halafu akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika.

Kesho yake alinipigia yeye. Bibi mmoja wa Kikatiti, mjane ambaye baba alimfungia nondo za nyumba yake zamani, alikuwa anamtafuta. Lipu ilikuwa imedondoka kwenye nguzo ya barazani, na Jumapili mjukuu wake angepata kipaimara. Alitaka pazibwe kabla wageni hawajafika. Viti vya shughuli hiyo vilikuwa vyangu, kwa hiyo nilipakia viti na turubai kwenye kirikuu, kigari changu cha mizigo, nikampitia baba nyumbani, tukaenda.

Nyumba ile naijua. Ni ya ghorofa moja, na siku ya zege lake nilikuwepo, msichana wa kumenya ndizi. Kwetu Meru, kumwaga zege la ghorofa ni sherehe. Siku hutangazwa kanisani, mbuzi huchinjwa, majirani hujipanga mstari wakipokezana ndoo za zege mpaka juu, na mchungaji huomba. Siku ikishatangazwa haiahirishwi. Hata mvua ikinyesha watu huja.

Tulipofika nilimwamkia, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Poleni na tetemeko. Karibuni chai."

Baba hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye nguzo, nami nikamfuata. Kule juu, pale nguzo inapokutana na bimu, boriti ya zege, ambapo mafundi hupaita shingo, si lipu tu iliyodondoka. Zege lenyewe lilikuwa limemong'onyoka, na nondo zimejipinda kuelekea nje, kila moja na njia yake. Baba alipanda kwenye kiti, akapima kwa shibiri kutoka kwenye bimu kushuka chini. Moja, mbili, tatu, ndipo akaikuta ringi ya kwanza, pete ya chuma inayozizunguka nondo.

"Ni lipu tu hiyo, fundi," bibi alisema. "Kuta zangu hazina ufa hata mmoja."

Ni kweli, hazikuwa na ufa. Ghorofani, kwenye kizuizi cha roshani, yalikuwa yameanikwa mablanketi matatu ya watoto.

Baba alinivuta nyuma ya gari. "Hapa sikufunga ringi," akasema.

Nilimwambia anieleze vizuri, na akaeleza. Nondo husimama, lakini zinazozishika pamoja ni ringi. Mzigo wa majani ya ng'ombe ukiufunga katikati tu, ukitikiswa unafumuka huko juu. Siku ile zilikuwa zimebaki shingo za nguzo zote, kazi ya muda wa saa nne, vidole havipiti kati ya nondo. Zege lilikuwa limeshachanganywa, ndizi zimeiva, watu wamejipanga na ndoo. Wakamwambia, fundi, tunakusubiri wewe tu. Akashuka.

Mimi nina mdomo, nimeurithi kwa marehemu mama. Nilimuuliza alikuwa analalaje miaka yote hiyo. Nilimwambia aende akamwambie mwenye nyumba yeye mwenyewe, asinitume mimi.

"Atanitangaza," alisema.

"Afadhali akutangaze kuliko azike."

Alishusha macho, akaanza kusugua kucha zake zilizopinda kwa waya. Kuanzia Kikatiti hadi Usa River watu wanamjua kwa kazi yake, hana jina lingine. Nilimhurumia sana, na hasira yangu ilikuwa bado ipo palepale.

Alirudi barazani, akavua kofia. "Mama, sitaziba. Nguzo hii imevunjika shingo, na nyingine za huku chini zilifungwa hivihivi. Ringi sikuziweka. Kosa ni langu. Watoto wasilale tena humu mpaka mhandisi aje aone."

Bibi aliketi kwenye kile kiti alichopandia baba. Kisha akasema, "Siku ile ni mimi niliyekuharakisha. Nilikwambia mchungaji ana ibada kwingine."

"Wewe si fundi, mama. Fundi ni mimi."

Nilitegemea matusi, na angetukana ningemwelewa. Alifuta macho kwa ncha ya khanga, akawaita wajukuu wasaidiane kuhamishia magodoro kwenye jiko la mbao nyuma ya nyumba. Kisha akaniuliza kama turubai langu linaweza kufungwa kule kwenye migomba, mbali na nyumba. Nikamwambia linaweza. Kwa jirani ilipatikana milunda, miti ile ya kujengea, tukazitegemeza bimu za barazani kabla ya saa sita, baba akiamuru na mimi nikishikilia.

Tukiwa njiani kurudi nilijisikia mwepesi. Nilimwambia baba kwamba leo amenipa heshima, na kwamba nampeleka nyumbani akapumzike.

"Usinipeleke nyumbani," alisema. "Tukifika Usa River simama tununue milunda."

"Ya nani tena?"

Alitazama mbele. "Na wewe tulikufanyia sherehe siku ya zege, mwanangu."

Nilikumbuka siku ya zege la nyumba yangu, nimesimama chini ya ngazi, nimevaa kitenge kipya, nikimwita. Nilimwita mara tatu. Chakula kinapoa, baba, hizo waya utafunga mpaka lini?

"Mbona jana kwenye simu hukuniambia?"

"Niliuogopa ulimi wako," alisema. "Nikaona nianze na wa mbali, nijifunze kusema."

Niliegesha pembeni ya barabara, nikampigia binti yangu. Nilimwambia amtoe mdogo wake nje, sasa hivi, na wasirudi ndani kuchukua chochote.