Mvua Juu ya Karafuu za Jirani

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, ambayo kila nikijaribu kuiweka kando hurudi yenyewe, kama kuku aliyezoea nyumba. Nimeishi nayo miaka mingi bila kumsimulia mtu. Leo nakupa wewe kwa sababu ya swali lako.

Juzi ulipokuja kutoka chuoni, kabla hata hujavua viatu, ulinisomea kwenye simu habari za nchi moja ya mbali. Pesa yake imekuwa karatasi tupu, maduka hayana kitu, watu wanakimbia na watoto mgongoni. Ukaniuliza, "Bibi, na yetu inaweza kuanguka hivi?" Mimi nikakwambia ngoja ninywe chai kwanza. Ulicheka, ukadhani bibi yako kazeeka, hana jibu. Jibu ninalo. Ila hadithi yenyewe nusu yake ni ya Bibi yako Mwanakombo, na mtu hafungui kasha la mwenziwe bila kumuuliza. Basi jana nimekwenda kwake kumuomba ruhusa. Akasema, "Mwambie. Tusiposema siye tuloyafanya, nani atawambia?"

Wewe unasoma uchumi na mimi elimu yangu ni ya msahafu na jembe, kwa hiyo nivumilie. Hizo shida unazozisoma, baadhi yake nimezionja. Nilipokuwa msichana hapa kijijini Ole tulipanga foleni ya unga tangu alfajiri, na pengine unafika mbele unaambiwa umekwisha. Sukari tuliijua kwa jina. Kanga moja nzuri tulivaa kwa zamu mimi na dada yangu, yeye akienda harusini mimi nabaki nyumbani naumwa kichwa. Lakini katika dhiki ile yote sikumbuki nyumba iliyopika na ya pili yake ikalala na njaa. Muhogo ukichimbwa kwetu, sahani ilivuka ua. Ilikuwa dhiki, naam, na tuliilia, lakini tuliilia pamoja.

Vyama vingi vilipokuja, mimi nilikuwa na miaka ishirini na kitu. Nina mume, nina mtoto mmoja, nina ulimi mrefu, na uzuri nao kidogo, si haba. Mtoto mwenyewe ni Saada, mama yako. Nilipomzaa nilishikwa na homa kali, maziwa yakakatika. Mwanakombo alikuwa jirani yangu ua kwa ua, naye ana mtoto mchanga. Hakungoja kuombwa. Alimchukua Saada akamnyonyesha pamoja na wake, huyu kulia, huyu kushoto, mpaka nikapona. Ndiyo maana mama yako humwita mama, na wanawe ni ndugu zake kwa sheria ya dini. Hilo unalijua. Yanayofuata huyajui.

Babu yako alikuwa chama hiki, na Faki, mume wa Mwanakombo, alikuwa chama kile. Usiniulize kipi ni kipi, haitakusaidia. Mwanzo ilikuwa utani wa barazani. Baada ya uchaguzi utani ukaisha. Watu wakaacha kuitikiana salamu. Duka la huyu yule haingii, gari ya huyu yule hapandi. Wanawake waliachwa kwa sababu ya kura, na watoto wao wanatazama. Kisha watu wakaacha kuzikana, mwanangu, na hapa Pemba ukishasema watu hawazikani hukubakisha neno. Wahenga walisema vita vya panzi furaha ya kunguru, na kunguru wetu walikuwa huko mjini wakinywa kahawa meza moja. Sisi panzi tukang'atana. Mimi na Mwanakombo tukaacha hata kuombana chumvi. Nilimkataza Saada kuvuka ua, mtoto wa miaka minne, akawa anasimama pale anachungulia tu.

Mwaka ule bei ya karafuu ilikuwa imeanguka na ya mchele imepanda. Ukienda hospitali unaandikiwa dawa ukanunue mwenyewe. Vijana waliondoka kwenda Tanga na Mombasa, wengine hatukuwaona tena. Katikati ya msimu Faki akaanguka kutoka juu ya mkarafuu, akavunjika nyonga. Walimchukua wa chama chake wakampeleka hospitali ya Chake Chake. Babu yako alisema, "Hatuendi kumtazama," nami sikumbishia. Madaktari wakasema lazima apelekwe Unguja, la sivyo hatasimama tena. Karafuu zilizokuwa zimeanikwa uwanjani kwa Mwanakombo ndizo zilizokuwa za kumpeleka. Mtaa mzima ulijua hivyo, na mimi nilijua.

Sasa sikiliza, maana nyinyi wa mjini, wa Madungu, karafuu mnaziona kwenye chai. Karafuu huanikwa juu ya majamvi siku kadhaa mpaka zikauke zilie zikivunjwa. Zikinyeshewa zimekwisha. Zinapata joto, zinaota ukungu, zinageuka rangi, ukizipeleka kituoni kuuza unarudishwa nazo. Kwa hiyo tangu bibi zetu ilikuwepo ada: mvua ikitanda, aliyepo humwanulia asiyekuwepo. Humuulizi mtu. Hata kama jana mlitukanana, unakunja jamvi lake ukishamaliza lako, kisha mtaendelea na matusi yenu jua likitoka. Sijapata kusikia mtu aliyeivunja ada hiyo, mpaka nilipoivunja mimi.

Mwanakombo alikuwa Chake Chake kumpelekea mumewe chakula. Mavyaa wangu, mama yake babu yako, tuliyekuwa tukiishi naye, alikuwa amekwenda mazikoni Kengeja. Wingu likaja upande wa bondeni, jeusi. Nilianua zangu mbiombio, nikaziingiza ndani zote. Kisha nikasimama mlangoni. Majamvi ya Mwanakombo yalikuwa hatua ishirini kutoka pale. Moyo ukaniambia nenda. Ulimi wangu, ule mrefu, ukajibu: wana chama chao, kiwaanulie.

Nikasimama. Matone ya kwanza yakaanguka, bado nilikuwa na wakati. Mvua ikashuka, nikaona karafuu zinaelea, nyingine zinachukuliwa na maji kwenda mferejini. Nitakwambia ukweli ili unijue: kwa muda mdogo nilifurahi. Kisha nikaona haya, nikafunga mlango ili nisione.

Mavyaa alirudi alasiri. Aliposhuka kwenye gari ya abiria barabarani alipita uwanjani kwa Mwanakombo, akayaona majamvi. Akaja kwangu na buibui lake limelowa.

"Mvua ilikukuta wapi?"

"Hapa nyumbani, mama."

"Ulikuwa mgonjwa?"

"Hapana."

Hakupiga kelele, na laiti angepiga. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, aliyezaa kumi na kuzika sita. Aliingia ndani, akazitazama karafuu zangu kavu, akakaa juu ya kinu.

"Miye nimeona njaa kuno, mwanangu. Nimeona watu wakila mizizi. Haikutuvunja, kwani njaa ilitukuta sote, tukaigawa. Hili ulofanya weye leo halina dawa ya kununua dukani. Utamwambia kwa kinywa chako, leo hii, asiambiwe na mtu. Na karafuu hizi utapima nusu, uzipeleke."

Babu yako akatokea mlangoni, akaanza, "Mama, wale watu…" Mavyaa akamtazama. Babu yako akakumbuka ghafla kuwa hajaswali, akaondoka. Ulikuwa msimu mbaya na nusu ile ilikuwa chakula chetu cha miezi, mimi nalia huku napima. Sikulia kwa toba bado, nisikudanganye. Nililia karafuu zangu.

Mwanakombo alifika kabla ya magharibi. Nilimkuta amechutama uwanjani, anateua moja moja zilizosalimika, anaziweka kwenye upindo wa kanga. Nikatua pakacha langu mbele yake. Kwa miezi hatukuwa tumesemeshana, sikujua hata nianze na jina lipi.

Nikamwambia, "Mwanakombo, miye nilikuwepo. Niliiona mvua tangu haijafika. Nilisimama pale mlangoni nikatazama."

Nilingoja anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, tena nilikuwa nayahitaji. Yeye aliendelea kuteua karafuu. Halafu akasema bila kuniangalia:

"Mwezi ulopita nlimuona Saada kisimani. Peke yake. Kapanda ukingoni, anachungulia ndani. Miye nlikuwa na ndoo yangu kichwani, karibu kama hapa na pale. Nkasema moyoni, ana mamake, na amuangalie. Nkasimama. Kuku akapita, Saada akashuka kumfukuza. Si miye nlomuokoa. Mtoto nlompa ziwa langu, na mguu haukunyanyuka."

Mwanangu, hapo nikakaa kwenye tope. Nilitaka kumrukia nimkamate koo. Nilitaka kumkumbatia. Nilifanya hilo la pili, kwa sababu nilimjua mtu yule aliyesimama kisimani. Alikuwa ndiye yule yule aliyesimama mlangoni kwangu. Tulilia pale mpaka adhana ikaisha, na Saada akaja mwenyewe, akavuka ua bila kumuuliza mtu, akatukuta. Akauliza nani kafa.

Kwa nusu ile ya karafuu Faki alipelekwa Unguja, akarudi anatembea kwa mkongojo. Siku aliyorudi, babu yako aliyesema hatuendi alikuwa wa kwanza kwenda, akakaa kitandani kwake wakazungumza bei ya karafuu kutwa nzima. Kura zao hawakubadilisha hata mmoja, mpaka wamekufa. Lakini tulizikana, nyumba hii na ile.

Basi swali lako. Ndiyo, mwanangu, nchi huanguka. Vitabu vyako vitakwambia kuhusu pesa na bei na madeni ya serikali, na sina sababu ya kubishana navyo, maana tumbo tupu halina adabu na shida humtoa mtu utu wake kidogo kidogo. Lakini mimi nimeiona ikianza kuanguka, na haikuanzia kwenye benki. Ilianza siku mtu mwema, aliyeswali swala zake tano, alipoona balaa linamjia mwenziwe akasema si wetu yule. Nchi yenye njaa hupona. Nchi ambamo mama anaweza kumtazama mtoto aliyemnyonyesha akiwa ukingoni mwa kisima, akatulia, hiyo hata ikijaa dhahabu naiogopa.

Na usidhani waliofanya hayo ni watu wabaya. Ni bibi zako wawili, wanaokupikia mikate ya kumimina ukija. Ndiyo maana nimekusimulia. Ungewaona wabaya ungesema wewe si mmoja wao.

Uchaguzi mwingine utakuja, utapiga kura upendavyo, sitakuuliza na wewe usiniulize. Bishana, maana wagombanao ndio wapatanao. Lakini salamu usiizuie, hata ikiwa hutajibiwa. Itoe tena kesho. Msiba ukitokea nenda, hata kama wanakutazama kwa jicho kali mpaka unakaa. Ukiona kundi lenu kwenye simu linafurahia shida ya watu wa upande wa pili, toka humo, na ukishindwa kutoka basi angalau usicheke. Na ukikosea, kama nilivyokosea mimi, usingoje moyo ulainike ndipo uende. Mimi nilikwenda na moyo mgumu, ukalainika huko huko. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi ilibakia kidogo mtoto atumbukie kisimani ndipo tuuone ufa wetu. Mtoto huyo ndiye aliyekuzaa.

Haya, nimesema nilichokuwa nacho. Mwenyezi Mungu akuhifadhi, mwanangu, akupe elimu yenye manufaa na rizki ya halali. Akujaalie jirani atakayemkimbilia mwanao bila ya kuuliza ni wa nani, na kabla hajakupa jirani huyo, akufanye wewe uwe yeye. Amin.