Mtani wa Mama

Kaka yangu anaishi Dar es Salaam, na watu wa Dar wanapenda orodha. Siku tulipokubaliana kwamba mama anahitaji nyumba ya kutunzia wazee, alinituma mimi niikague, akaniletea maswali kwenye simu, msururu hauishi. Vyoo vina vishikio ukutani? Lango linafungwa kwa juu? Nani anatoa dawa, na anaandika wapi? Nesi analala hapohapo au anakwenda kwake? Mwisho akaandika, dada, wewe ndiye macho yetu. Nilimjibu kwamba macho ninayo, ila yana miaka hamsini na nane na yamechoshwa na tundu za sindano, kwa hiyo asitegemee makubwa.

Mama ni Mmwera wa bara, upande wa Mtama, mkulima wa korosho tangu nimjue. Nilimleta kwangu Lindi mjini alipoanza kusahau sufuria motoni. Kwanza alisahau vitu, halafu akasahau watu, na mimi nilikuwa wa pili kusahauliwa, baada ya marehemu baba. Asubuhi akinikuta nimeinamia cherehani ananisalimia kwa adabu zote, kisha anauliza, "Fundi, nguo yangu bado?" Mwaka mzima nikawa fundi. Mwanzoni nilikuwa nambishia, mama, ni mimi, mwanao, naye anaangalia pembeni kwa haya, hajui anijibu nini. Nikaacha. Nikawa namwambia itakuwa tayari kesho, na roho inaniuma, wallahi inaniuma.

Kilichotushinda ni msimu wa korosho. Mchana mmoja, saa saba ya jua kali, nilikuwa ndani nampima mteja, mama akachukua kikapu akatoka. Shamba lake liko mbali hata kwa gari. Dereva mmoja wa bodaboda alimkuta kwenye barabara ya kwenda Mtama, peku juu ya lami, anainama anaokota mawe na kuyatia kikapuni. Nyayo zilikuwa zimeungua. Nilipokuwa namwosha miguu hakulia wala hakulalamika, alinishukuru tu. "Asante, fundi." Jioni ile ndipo nilipompigia kaka.

Mama mdogo, mdogo wake mama aliyeolewa Mchinga, alipopata habari alipiga simu akanisomea. Mzazi hatupwi, alisema, na alisema kwa sauti ambayo hata mteja wangu alisikia. Sikumlaumu. Kwetu mzee anazeekea mikononi mwa wanawe, na nyumba za namna ile tunaziona ni za wasio na watu. Lakini mimi nilikuwa na hofu inayozidi maneno ya watu. Mama wa zamani akidhulumiwa angekuja kunishtakia, na mtaa mzima ungejua. Mama wa sasa akipigwa leo, kesho amesahau. Nikikosea kuchagua, hakuna atakayeniambia, na yeye ataendelea kushukuru.

Basi nikaenda. Nyumba yenyewe iko nje kidogo ya mji, ya nesi mmoja mstaafu, mama mtu mzima mwenye miwani na maneno machache. Ina vyumba saba na ua mpana wa mchanga unaofagiwa. Nilimwambia nataka kuona kila kitu, akanipa funguo zote akakaa kwenye benchi. Nilichungulia vyooni. Vishikio vipo, nikaning'inia kwa uzito wangu wote, na mimi si mwembamba, havikutikisika. Komeo la lango liko juu. Daftari la dawa lipo. Jikoni nilionja kisamvu, chumvi kidogo, nikasema, nesi akasema chumvi imepunguzwa kwa sababu ya presha za wazee. Niliwapunguzia alama kwa jambo moja tu: televisheni inayopiga kelele mbele ya viti vitupu. Nilimwambia aizime, akaizima.

Mara ya pili nilikwenda bila kutoa taarifa, kama kaka alivyoniagiza. Niliingia muda wa chakula cha mchana. Godoro lilikuwa limeanikwa uani, lina doa kubwa, nikajisemea moyoni, enhe, nimewapata. Halafu nikafikiri. Godoro la kikojozi likikauka juani ni bora kuliko linalokauka chini ya mtu, na mimi mwenyewe nyumbani nilikuwa na langu limeanikwa vilevile. Ndani nilimkuta mzee mmoja wa Kilwa analishwa wali, na anayemlisha anangoja ameze ndipo anyanyue kijiko kingine. Nilisimama pale nikihesabu vijiko mpaka nikachoka. Hakuharakishwa hata mara moja.

Nikamwandikia kaka kwamba maswali yake yote yamejibiwa. Lakini moyo wangu haukutulia. Nesi aliniambia, mlete mama ashinde siku moja, umwone yeye, usituone sisi. Nikamvisha mama kanga mpya, nikampaka mafuta miguuni, makovu ya lami bado yakionekana, tukaenda.

Aliyetupokea uani hakuwa nesi. Alikuwa mhudumu ambaye sikumwona zile siku mbili, mwanamke mnene wa makamo, mikono imejaa sabuni, anafua mashuka. Akamsalimia mama shikamoo, mama hakuitika, macho yako mbali. Akaniuliza mama ni mtu wa wapi. Nikasema Mmwera, wa huko Mtama. Yule mwanamke akafuta mikono kwenye gauni, akajishika kiuno, akamwangalia mama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Kumbe huyu ni mtumwa wangu," akasema. "Babu zangu walimsahau njiani, leo amejileta mwenyewe. Ingia ndani ukatwange, kikongwe wewe."

Jamani. Mimi nina mdomo, sifichi, na siku ile niliufungua wote. Nilimwambia hana adabu, hakulelewa. Nilimwambia kama hivi ndivyo anavyosema mbele ya mtoto wa mtu, nikigeuka mgongo atafanya nini? Nilimwita nesi kwa sauti. Na chini ya hasira kulikuwa na kitu kibaya zaidi, kwamba mama mdogo alisema kweli, na mimi nimemleta mama yangu kutukanwa kwa mkono wangu mwenyewe. Nikamkamata mama mkono, twende zetu nyumbani.

Mama hakuondoka. Nilivuta, akajiimarisha. Nikageuka kumtazama, nikakuta macho yamerudi. Alikuwa anamkazia yule mwanamke, na mdomo wake usio na meno umeanza kucheka pembeni.

"Mngoni wewe," mama akasema. "Kuku wa bibi yangu yuko wapi?"

Yule mwanamke akapiga makofi. Akasema kuku waliliwa zamani, hata manyoya hakuna, na sasa wamerudi kuchukua jogoo. Mama akamwambia hapati kitu, labda apewe utumbo, maana Wangoni ni wezi tangu kuumbwa. Yule akasema mama akifa atajilaza kaburini yeye mwenyewe, hatoki mpaka apewe jogoo mzima. Mama akasema atatangulia kumzika yeye, na shimo litabidi liwe pana. Neno kwa neno, hapohapo, bila kupotea. Mama yangu, ambaye miezi minane sikuwa nimemsikia akimjibu mtu jambo aliloulizwa.

Nilibaki na mkono hewani. Mimi nililelewa Kilwa kwa shangazi, upande wa baba, kwa ajili ya shule. Utani wa makabila niliuona misibani tu, watani wakiiba sufuria la wali na kumuigiza marehemu alivyokuwa akitembea, watu wanacheka huku wanalia. Nilijua kwamba Wamwera na Wangoni ni watani, tangu vita vya zamani vilipokwisha na wajukuu wakaamua kutaniana badala ya kuchomana mikuki. Nilijua kama mtu anavyojua jina la mto asiowahi kuuvuka. Mama aliuvuka kila siku ya maisha yake, shambani, mnadani, kisimani. Mtani hakasirikiwi. Na mimi nilimkasirikia mbele ya watu, nikamwambia hakulelewa, yeye anayefuata malezi kuliko mimi.

Ukivuliwa nguo, chutama. Nilimwomba radhi. Hakunipa radhi, alisema Mmwera akiomba radhi ni lazima alete na korosho. Nesi aliyekuwa ametoka kwa kelele zangu akanivuta pembeni, na mimi, kwa ukaidi wangu, nikamuuliza kama wazee wote wanasemeshwa namna ile. Akanionyesha kwa kidevu. Yule mhudumu alikuwa amefika kwa mzee wa Kilwa, amepiga goti kidogo, anamwamkia kwa sauti ya chini, anamuuliza kama amekwisha swali adhuhuri au amletee maji ya udhu.

Nesi akasema, "Yule si mtani wake. Yeye tulimuuliza anapenda aitweje, akasema aitwe mwalimu. Kila anayeingia hapa, huyu dada anataka kujua kwanza ni mtu wa wapi na kwao anaishije na watu."

Hilo swali halikuwa kwenye orodha ya kaka. Wala mimi sikuwa nalo. Nilikuwa nimebinya magodoro, nimening'inia vyooni, nimeonja chumvi, na haikunijia kuuliza kama kuna mtu pale anayejua mama ni mwenzake wa namna gani. Nyumbani kwangu alikuwa na mtoto anayemwosha, anayemlisha, anayemdanganya kuhusu nguo. Mtani hakuwa naye. Nilisikia wivu, na siuonei haya. Mwanamke asiyemjua kwa lolote amempata kwa tusi moja, mimi nimeshindwa mwaka mzima kwa upole wangu wote.

Tukakubaliana mama awe anashinda pale kwanza, asubuhi mpaka alasiri, tuone. Mama mdogo nilimwambia kuna Mngoni pale. Akauliza, ana mdomo? Nikasema anao. Akasema basi angalau dada yake hatakufa kwa ukimya, na kwamba akija atamletea huyo Mngoni maganda ya muhogo, ndicho chakula chake.

Sisemi mama alipona. Ugonjwa ule haurudi nyuma, nesi aliniambia hivyo bila kuzungusha, na hilo nalo nililiandika kwenye mazuri yake. Kuna siku nilimkuta amekaa tu, mate yanamtoka, hata mtani wake hakumpata. Siku hizo yule mhudumu hakumtania. Alivuta kigoda akakaa karibu yake akichambua mchicha, bega kwa bega.

Wiki ya tatu nilikwenda kumchukua mama alasiri, kama kawaida. Nilikuwa nimevaa gauni nililojishonea, lenye mikono mipana. Walikuwa wote wawili uani. Mama aliponiona aliniamkia kwa adabu yake ile ya wateja, na akaniuliza kama nguo iko tayari. Nikafungua mdomo kusema kesho.

Mhudumu akanitangulia. Alinitazama, akamtazama mama, na nadhani alifanya makusudi, ingawa hajawahi kukiri.

"Na huyu mtumwa mdogo naye ametoka wapi?" akasema. "Tazama gauni, limeshonwa na kipofu. Njoo huku jikoni, uoshe masufuria yangu, mbuzi wewe."

Mimi ni mtani wake pia, kwa upande wa mama. Jibu nilistahili kulitoa mimi, na nilikuwa nalitafuta, sina mazoea. Mama akanyanyuka. Anapotaka kusimama huwa anashikwa. Safari hii alisimama mwenyewe, kikapu alichokuwa amekipakata kikaanguka, akaja kwa hatua zake fupi mpaka akawa kati yangu na yule mwanamke. Akaninyoshea mkono nyuma, akanishika gauni, kama alivyokuwa akinishika nikiwa mdogo tukipita kwenye ng'ombe.

"Mwache," akasema. "Mngoni wee, tukana wengine wote. Huyu ni mwanangu."

Niliogopa nikisema nitamwamsha. Mkono wake ulikaa pale kwenye gauni, na yule mwanamke akainamia mashuka yake akawa anafua shuka lililokwisha kuwa safi.

Tulipofika langoni alikuwa amesahau. Aliniambia asante, fundi, nikasema karibu. Usiku kaka alipiga kuuliza tumeamua nini, na vile vyoo, je. Nikamwambia vyoo ni visafi, mama atakaa, nikakata simu.

Kesho yake nilifunika cherehani mapema kuliko siku zote. Nilivaa gauni lilelile. Nikaenda, nikasimama katikati ya ua mahali mama anaponiona vizuri, nikangoja kutukanwa.