Pasheni za Baba

Bosi aliniambia niwasimulie wageni historia ya kituo chetu cha utafiti wa matunda siku ya wakulima, kwa kuwa mimi ni mzaliwa wa Ekerenyo na watu wa huku wangenisikiliza. Wiki nzima sikutulia. Nilizunguka kwenye vitalu vya miche nikifanya mazoezi: hapa palikuwa shamba la mzungu, kisha ikaja migomba, kisha pasheni, na sasa parachichi. Kila nikifika kwenye pasheni, nakwama.

Baba yangu alizipanda. Wataalamu wa kituo hiki hiki walimpa miche, wakamwonyesha namna ya kusimamisha nguzo na kuvuta waya. Ugonjwa ulipoingia na mashina yakaanza kuoza, alikuja hapa tena na tena kuomba mtu wa kwenda kuangalia. Hakuna aliyekwenda. Akazing'oa zote, akapanda nyasi za ng'ombe. Tangu niajiriwe kituoni, hajapokea hata mche mmoja kutoka mikononi mwangu.

Siku yenyewe nilimwona hemani, amekaa nyuma na koti lake la kanisani. Hakuwa ameniambia kwamba angekuja. Nilieleza habari za mzungu, nikaeleza migomba. Nilipotaja pasheni, akasimama.

“Ugonjwa ulipokuja, mlikuwa wapi?”

Bosi akaninong'oneza niingie kwenye parachichi.

“Hatukuja, Baba,” nikasema. “Ulituita na hatukuja.”

Mama mmoja akainuka kusema hata yeye aling'oa zake. Akafuata mwingine. Parachichi hatukuzifikia, na bosi hakunisemesha hadi jioni.

Nilipoenda nyumbani Jumapili, Baba alikubali mche wa parachichi. Mmoja tu. Alipomaliza kuushindilia udongo akauliza nitarudi lini kuukagua.

“Alhamisi.”

“Usiseme Alhamisi kama si Alhamisi.”

Alhamisi mvua ilinyesha. Boda boda ilikwama kwenye matope, nikamalizia kwa miguu. Baba alikuwa amepeleka majani ya chai kwenye kituo cha kuyanunua. Nilikwenda moja kwa moja hadi kwenye mche. Jani la chini lilikuwa limeanza kuwa manjano. Nikalipindua, nikachimba kidogo kwa vidole kuona kama maji yametuama kwenye mizizi. Mama akaniita ndani nikanywe chai. Nikamjibu naja, na bado nilikuwa nimechuchumaa pale alipoita mara ya pili.