Pande Linalotosha

Mchoraji wa karakana yetu hashiki chuma. Kila asubuhi hufuta kioo cha kompyuta kwa ncha ya tai, akauzungusha mchoro wa kipuri polepole kama anayebembeleza mtoto, kisha huiamuru programu imtafutie katika stoo pande la chuma la kukichongea. Programu humpangia mapande yote yanayotosha, kuanzia lile litakalopoteza chuma kidogo. Yeye hushuka moja kwa moja hadi la mwisho, kubwa kuliko yote. "Ndugu zangu, likizidi tutapunguza," husema kwa sauti ya puani. "Likipungua, mtaniambia nini?"

Juzi tulitakiwa kuchonga bushi, kijibomba cha chuma cha ukubwa wa kidole gumba, akatuchagulia pande nene kama paja. Tulikereza mpaka chenga za chuma zikatufika magotini. Akaiokota bushi, akaipuliza, akatabasamu. "Si nilisema litatosha?"

Leo imeletwa pampu ya maji ya hospitali, shafti yake, ule mhimili unaoizungusha, imekatika, nayo ni nene. Mchoraji ametafuta kwenye kompyuta, akatafuta tena, tai imemwangukia begani. Halafu akatugeukia na uso wa mtu aliyeibiwa.

"Lile pande nene," akauliza, "nani kalimaliza?"