Pistoni Sita Ndani ya Boksi

Baba alipokufa nilikuwa njiani, kama kawaida yangu. Nilirudi Likasi baadaye sana, nikiwa na kompresa niliyoinunua kutoka gari lililopinduka: ile pampu inayozungushwa na mkanda, inayosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini. Nilitaka gari aliloniachia lipande milima kama kijana.

Injini ya gari hilo ilikuwa imetolewa, iko kwa mjomba, mdogo wake mama, aliyestaafu katika karakana ya kiwanda. Mara ya kwanza yeye na baba waliifungua juu ya meza yetu ya kulia, mama akifoka. Aliitazama kompresa yangu, akacheka.

“Miye sikatae. Lakini hii kitu itakanyaga motere. Pistoni ya kusubu, hii ya kumimina, itapasuka. Tutafute ya kufua, ya kugongwa, na biela za nguvu, ile mikono inashika pistoni. Kuko mutu analeta toka Zambia. Ngoya miezi mbili.”

“Mujomba, miezi mbili?”

“Weye miguu inakuwasha sawa baba yako! Ngoya. Nikimaliza kuifunga, utanipeleka Kapolowe. Niisikie kwa mulima mara moja tena.”

Hakuniomba kitu kingine. Wiki ya kwanza nilimkuta akipima kila silinda, akiandika kwa chaki ukutani, akifuta, akipima upya. Wiki ya tatu alikwenda kwenye kilio cha jirani, nami nikaja na watu wawili na mkokoteni, nikaichukua injini.

Niliipeleka kwenye uwanja wanakoyeyusha pistoni kuukuu na kumimina mpya ndani ya mchanga. Fundi wa pale alinipiga begani.

“Patron, siye watu ya Likasi tunayeyusha mawe. Pistoni itushinde?”

Nilicheka naye. Nimekulia nikitazama uji mwekundu wa mawe ukimwagwa kiwandani. Kwetu, kitu kilichotoka motoni tunakiamini bila kuuliza. Hakupima silinda hata moja, nami niliona. Siku ya nne injini ilinguruma ndani ya gari, kompresa yangu ikiwa juu yake.

Nilipomfuata kwa safari ya Kapolowe, mjomba alipanda garini akiwa na koti lake la misa. Hakunilaumu. Alikaa ameinamisha sikio kidogo, na katika mlima kabla ya Kapolowe akasema, “Zima.”

Mimi sikuwa nimesikia lolote. Nilikanyaga mafuta.

Pistoni ilipasuka, biela ikajipinda na kutoboa ubavu wa injini. Mafuta meusi yakamwagika barabarani. Mjomba alishuka, akachutama mbele ya lile tundu.

“Hii haitengenezwe tena,” alisema.

Tulirudi kwa teksi-basi. Alitazama dirishani safari nzima. Hadi leo nafikiri nilitakiwa kusema lolote, hata la kijinga.

Baada ya wiki chache aliniletea boksi. Pistoni za kufua zilikuwa zimefika. Alikuwa ameziagiza tangu siku ile ya chaki.

“Njo hizi, zako,” alisema, akaenda zake.

Ndani zilikuwa sita, nzito, kila moja ina namba ya silinda yake kwa mwandiko wake wa penseli. Mjomba hayupo tena. Nimehama nyumba mara nyingi, nikiacha vitanda na sufuria kwa watu, lakini boksi hilo hulifunga kwanza. Hakuna injini nyingine yenye vipimo vile.