Shetani Aliyetoka kwa Jasho

Wewe unayenisikiliza, sogeza kiti, nikueleze polepole jinsi familia yetu ilivyomfukuza shetani ambaye hakuwepo.

Mdogo wangu alitoka Kampala kuja kumzika baba yetu, hapa Saio. Huko alikuwa ameacha heroini, na kila siku alikunywa methadoni kliniki. Ni dawa inayotuliza hamu ya heroini, mtu akaweza kula, kulala na kufanya kazi. Kwa safari walimpa chupa za kutosha siku za matanga tu.

Tantine, dada ya baba, anayeongoza chumba cha maombi, akaziona.

"Dawa gani ya kila siku? Umeacha shetani moja, umeoa ingine!"

Akazifungia sandukuni, akamwekea mfungo. Baba mdogo aliunga mkono, ila yeye hakufunga.

"Miye niko na tension," alisema, akimeza kidonge chake cha presha cha kila asubuhi kwa chai ya maziwa.

Siku ya pili mdogo wangu akaanza kutoka jasho, kutetemeka, kutapika. Watu wengine wangeita daktari. Wetu walileta ngoma.

"Anatoka! Anatoka!"

Kadiri alivyotapika ndivyo walivyoimba. Jirani aliyeleta ndoo alipongezwa kwa imani yake.

Mdogo wangu akanivuta mkono, mimi mkubwa wake. "Yaya, nikikosa hii dawa, nitarudilia unga. Najijua."

Nikamwendea baba mdogo, nikachukua pakiti yake ya vidonge.

"Baba mudogo, tufungie na hii. Shetani wa tension naye atoke."

"Weye! Unataka nikufe?"

"Na yeye je?"

Akamtazama yule wa kwenye mkeka. Kisha akapaza sauti kuliko ngoma: "Dada, leta funguo!"

Tulimpigia simu muuguzi wa Kampala, akaeleza anywe kiasi gani. Jioni mdogo wangu alikula fufu na sombe, akaomba nyongeza. Jumapili, Tantine alishuhudia kanisani kwamba mfungo umemponya. Tulimpigia makofi sana. Mgonjwa wake hakuwepo kuyasikia; alikuwa ameshapanda gari la kurudi kliniki, akiwa na chupa ya mwisho mfukoni.

Kwa hiyo mgeni wako akija na dawa ya kila siku, usimfichie na usimhubirie. Muulize itaisha lini, umtafutie nafasi kwenye gari kabla ya siku hiyo.